Leva Inayorudi Katikati

Usiku wa kuamkia Jumapili, Juni 19, 2016, marafiki wa Anton Yelchin walikwenda nyumbani kwake Studio City, Los Angeles, baada ya kumsubiri mazoezini asitokee. Walimkuta amebanwa kati ya gari lake na nguzo ya matofali yenye sanduku la barua, kando ya geti. Alikuwa ameshafariki. Alikuwa kijana wa miaka 27, mtoto wa pekee wa wazazi waliohama Leningrad naye akingali mchanga, na mwigizaji aliyejulikana duniani kwa kucheza Chekov katika filamu za Star Trek. Gari lilikuwa Jeep Grand Cherokee la mwaka 2015. Njia ya kuingilia kwake ina mteremko mkali. Alishuka garini, gari likaserereka nyuma, naye alikuwa upande wa chini.

Habari ya namna hii ikitufikia, neno la kwanza kinywani ni uzembe: dereva gani huyo anashuka bila kufunga gari? Nawaomba wasomaji walizuie neno hilo kidogo, kwa sababu ndilo lililochelewesha dawa ya ugonjwa huu kwa miaka mingi.

Tuanze na gari la otomatiki kama wengi wetu tunavyolijua. Leva ina njia yake iliyonyooka: P mwanzo kabisa, kisha R, kisha N, kisha D. Ukiisukuma hadi mwisho, inagota. Ukiiachia, inakaa palepale ulipoiacha. Chini yake kuna kebo inayokwenda hadi kwenye giaboksi, na leva ikifika P, kijino cha chuma kinaangukia kwenye gurudumu la meno na kuizuia shafti ya kutokea isizunguke. Dereva wa miaka mingi hatazami lolote katika haya. Anazungumza na abiria, anakusanya simu na mifuko, na huku kiganja kimeshapata jibu lake: imegota, imekaa.

Katika Jeep ile, wabunifu walikata kebo. Leva ilikuwa swichi tu ya umeme. Unaisukuma mbele au unaivuta nyuma, kompyuta inasoma ulichotaka, halafu leva inarudi katikati yenyewe. Gari liwe P, liwe R, liwe D, leva imesimama mahali pamoja. Ili ujue uko wapi ilikubidi utazame herufi inayowaka juu ya kichwa cha leva au kwenye dashibodi. Msukumo ukipungua kidogo, ulikusudia P ukapata R au N, na kiganja hakina namna ya kukuonya, kwa kuwa kimehisi kitu kilekile ambacho kingehisi kama ungefika P.

Kweli, ukifungua mlango kulikuwa na mlio na maandishi ya onyo. Lakini injini inaunguruma, muziki unalia, na magari ya siku hizi yanapiga milio kwa kila jambo: mkanda, taa, mafuta, mlango. Onyo linalofanana na maonyo kumi mengine halimsimamishi mtu ambaye mguu wake mmoja uko nje tayari.

Mamlaka ya usalama wa magari ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi Agosti 2015. Wachunguzi waliona kwamba leva hiyo haieleweki kwa urahisi, na kwamba inachowaambia mkono na jicho ni kidogo mno. Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliita magari zaidi ya milioni 1.1 duniani yarudishwe kurekebishwa: Grand Cherokee za 2014 na 2015, pamoja na Dodge Charger na Chrysler 300 za 2012 hadi 2014. Uchunguzi ulipofungwa, hesabu ilikuwa ajali 266 na majeruhi 68. Gari la Yelchin lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa. Mwito ulitoka miezi miwili kabla ya kifo chake.

Sasa lirudie lile neno uzembe. Mtu mmoja akikosea, ni haki kumwuliza yeye. Mamia ya watu wasiojuana wakikosea kosa moja, kwenye kifaa kimoja, wa kuulizwa ni aliyekitengeneza. Wenye magari haya walikuwa wameendesha otomatiki maisha yao yote, na tabia waliyoingia nayo garini ndiyo iliyowaponza. Mkono uliofunzwa na magari mengine kwamba leva inakaa unapoiacha, ulipewa leva isiyokaa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba somo hili lilikuwa limeshalipiwa. Giaboksi ya otomatiki iliingia sokoni kwa wingi na Hydra-Matic ya General Motors, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwa miaka mingi baadaye kila kampuni ilipanga herufi ilivyotaka. Kwenye baadhi ya magari ya General Motors, R iliwekwa mwishoni, jirani na L, gia ya kwendea polepole. Dereva aliyetaka L akipitiliza kidogo anajikuta anarudi nyuma. Na aliyezoea gari la kampuni nyingine akiazima la jirani, mkono wake unakwenda kwenye mpangilio ambao haupo. Ralph Nader aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha 1965, Unsafe at Any Speed, na kufikia 1968 sheria ya Marekani ilidai N ikae kati ya gia za mbele na ile ya nyuma. Mpangilio wa P, R, N, D tunaouona leo hata kwenye gari dogo la Kijapani umetokana na ubishi ule.

Kisha ikaja zamu ya Ford. Magari yake ya 1966 hadi 1980 yalilalamikiwa kwamba leva iliweza kukaa juu ya kinundu kati ya P na R. Kwa macho ilionekana imefika P. Dereva akishuka na kuacha injini ikitembea, mtikisiko ungeweza kuiangusha kwenye R. Suala hilo liligusa takriban magari milioni 23, na mwisho wake, mwaka 1980, yalikuwa makubaliano ya kuwatumia wenye magari stika ya onyo wabandike kwenye dashibodi. Stika! Kasoro ya chuma ikajibiwa kwa karatasi, na mzigo wote ukarudi mabegani mwa dereva.

Wapo watakaosema haya ndiyo malipo ya kuacha gari la klachi. Nalipenda gari la klachi, na sioni aibu kusema linamfundisha mtu kulisikia gari. Leva yake haisemi uongo: ikiwa kwenye namba moja iko namba moja, ikiwa frii inachezacheza kiganjani. Lakini halina P, na likiachwa frii kwenye mteremko bila breki ya mkono litaondoka vilevile. Usalama wa madereva wake unatokana na kutoliamini. Tazama lori likizimika katika mlima wa Kitonga, kule Iringa: utingo anaruka na jiwe mkononi kabla dereva hajafungua mlango, na jiwe linaingia chini ya tairi. Aliyejifunza klachi huvuta breki ya mkono kila anaposimama na huegesha gari likiwa ndani ya gia. Aliyezoea otomatiki huacha breki ya mkono ilale miezi, akaitegemea P peke yake, yaani kijino kimoja cha chuma.

Huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili limeshatufikia bandarini. Magari yanayoshuka Mombasa na Dar es Salaam mengi ni otomatiki yaliyotumika Japani, na miongoni mwake kuna Toyota Prius, ambayo tangu toleo la 2003 ina leva fupi inayorudi katikati, na P ni kitufe cha kubonyeza pembeni. Nissan Leaf nayo ina kirungu kinachorudi katikati na kitufe cha P. Tena magari haya yakisimama ni kimya. Injini ya Prius inaweza kuwa imezimika yenyewe huku gari likiwa tayari kuondoka, na dereva mgeni akadhani amelizima. Anayemwazima ndugu yake gari la aina hiyo amweleze kwanza leva, kabla hata ya kumwonyesha tangi la mafuta liko upande gani.

Na kwa kila otomatiki, ya kebo au ya umeme, utaratibu wa kuegesha kwenye mteremko ni uleule: mguu kwenye breki, leva kwenye N, vuta breki ya mkono, achia mguu taratibu mpaka uzito wa gari ulale kwenye breki hiyo, ndipo uweke P. Soma herufi kwa macho kabla ya kuzima. Usishuke injini ikiwa inatembea, hata kama ni kufungua geti tu.

Dawa ya Jeep ilikuwa programu mpya ya kompyuta, inayoliweka gari kwenye P lenyewe pale dereva anapofungua mlango na kuvua mkanda gari likiwa limesimama au likienda polepole sana. Kwa magari ya 2016 kampuni ilibadilisha leva yenyewe. Lakini barua za mwito hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana nchini humo. Gari likishauzwa na kupakiwa melini, barua hailifuati. Kwa hiyo anayenunua gari lililotoka Marekani achukue namba ya chasisi aiingize kwenye tovuti ya NHTSA, ambako ukaguzi ni bure. Kwa magari ya Japani, kampuni zilizoyatengeneza nazo zina kurasa za kukagua kwa namba hiyohiyo. Afanye hivyo kabla ya kulipa, na kama kuna mwito ambao haujashughulikiwa, amdai muuzaji karatasi ya matengenezo.