Dinari mbili za Msamaria

Masomo: Luka 10:30-35, 1 Wafalme 19:1-18



 

Habari ya Msamaria twaijua sote tangu shule ya Jumapili. Hata mtoto mdogo aweza kusimulia jinsi mtu yule alivyoshuka kwenda Yeriko, jinsi wanyang'anyi walivyompiga wakamwacha karibu ya kufa, na jinsi kuhani na Mlawi walivyopita kando. Lakini mara nyingi twaisimulia mpaka pale Msamaria anapompandisha majeruhi juu ya mnyama wake, kisha twasema Amina na kufunga kitabu. Mambo ya fedha twayaacha. Mtakatifu Luka hakuyaacha. Ametuandikia kwamba kesho yake Msamaria alitoa dinari mbili akampa mwenye nyumba ya wageni, akamwagiza amtunze mgonjwa, na kama gharama ikizidi, atalipa atakaporudi.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Hayo twayapata katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Basi Msamaria alitoa ujira wa siku mbili, kabla hajajua ugonjwa utachukua muda gani, kwa ajili ya mtu asiyemjua jina. Wala hakukaa pale amuuguze mwenyewe mpaka apone, maana alikuwa na safari yake. Alimlipa mwenye kazi ya kutunza wageni ili kazi ifanyike. Kama si fedha ile, mafuta na divai vingekauka, na yule mtu angerudishwa njiani.

Tumeanza hapo kwa sababu tumesikia maneno miongoni mwetu. Wako Wakristo wasemao kwamba kukata bima ya afya ni kukosa imani, eti kulipia ugonjwa ambao haujaja ni kuuita uje. Ndugu zetu, hapa kwetu karibu kila mtaa una chama cha kufa na kuzikana. Twachanga kila mwezi, twanunua masufuria na turubai, na hakuna aliyesema kwamba twaita kifo. Imekuwaje kuchangia mazishi ni hekima, na kuchangia matibabu ni kujitakia mabaya? Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba wachukuliane mizigo, na bima si jambo jingine ila hilo, pamoja na karani na kadi.

Lakini leo hatutaki kusema juu ya bima kwa malaria na mifupa iliyovunjika tu. Twataka kusema juu ya wale waliojeruhiwa pasipo damu kuonekana.

Mnawajua. Yuko mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita, analia asubuhi na jioni, wala hamfurahii mtoto. Yuko mzee aliyefiwa na mkewe, mpunga wake ukaoza shambani kwa sababu hakuona faida ya kuuvuna. Yuko kijana anayesikia sauti zinazomtukana usiku, na mwalimu ambaye kila akiamka kwenda darasani moyo wampiga kama amefukuzwa na chui. Hawa wote tumewapitia kando, tena sisi watu wa kanisa tumewapitia kwa maneno matamu. Tumewaambia wasali zaidi, wamshukuru Mungu kwa kuwa wengine wana shida kubwa kuliko zao.

Basi tumtazame Eliya. Huyu alikuwa nabii, naye alikuwa ametoka kushinda ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli. Siku chache baadaye twamkuta amekimbia jangwani, ameketi chini ya mti wa mretemu, anamwomba Mungu aitwae roho yake. Hakuwa mtu wa imani haba. Alikuwa amechoka, anaogopa, na yuko peke yake. Na tutazame jinsi Mungu alivyomtendea, maana hapo pana mafundisho kwa kila mzee wa kanisa. Hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamwamsha, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala. Mwili kwanza.

Kisha huko Horebu Mungu alimwuliza anafanya nini pale. Eliya akamweleza uchungu wake wote: watu wameliacha agano, manabii wameuawa, amebaki yeye peke yake, nao wamtafuta wamwue. Ukapita upepo, likapita tetemeko, ukapita moto, halafu sauti ndogo ya utulivu. Naye Mungu akamwuliza swali lile lile. Eliya akajibu maneno yale yale, hata neno moja hakubadili. Tumelisoma jambo hili miaka mingi tukiliona kama marudio ya mwandishi. Siku hizi twaliona vingine. Mtu aliyeumia moyoni husema jambo lake, halafu hulisema tena, na anahitaji mtu wa kumsikiliza mara ya pili bila kumwambia kwamba amekwisha kulisema. Baada ya kumsikiliza ndipo Mungu alipompa kazi, akampa Elisha awe mwenzake, akamjulisha kwamba wako elfu saba wengine. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo wanasomea chuoni miaka kadhaa ili wajue kuuliza swali lile lile mara mbili kwa upole.

Hapa tutasema neno juu ya mji wetu. Wazee wanatuambia kwamba Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Jina lile lilikuwa amri kwa mgeni aingiaye: kama umekuja na mambo hayo, yaache nje. Jambo la kusikitisha ni kwamba sisi wenyeji ndio tumeyaokota yaliyotupwa. Mtu akianza kusema peke yake, swali la kwanza nyumbani si anaumwa nini, ni nani amemfanya. Ng'ombe anauzwa. Mganga wa kwanza anamtaja jirani, wa pili anamtaja shangazi, na ukoo unagawanyika kabla mgonjwa hajaonwa na tabibu hata mmoja. Tukihesabu gharama, familia nyingi zimelipa waganga mara nyingi kuliko gharama ya kadi ya bima ya miaka mingi.

Wala asiwepo wa kutuambia kwamba dawa na imani ni mambo mawili yanayogombana. Nchi hii ina ushahidi wake. Adrien Atiman alichukuliwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga wa kizungu kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akakaa huko kama tabibu na mwalimu wa dini hadi kufa kwake mwaka 1956. Asubuhi dawa, jioni katekisimu, na hatusikii kwamba kimoja kilimzuia kingine. Ndugu zetu Wakatoliki wameipa hospitali yao ya Sumbawanga jina lake, nasi Waanglikana, ingawa tu wachache katika nchi hii, twaweza kumshukuru Mungu kwa ajili yake bila kuomba ruhusa.

Sasa tuje kwenye kadi yenyewe, maana wengi wanayo na hawajui yafungua mlango gani.

Watumishi wa serikali wamo katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, na humhesabu mwenzi wa ndoa na wategemezi wanne. Kwa wakulima na wavuvi ulikuja Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichanga shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikamtoa mgonjwa zahanati ikamfikisha hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na kwa hiyo viwango na taratibu vinabadilika. Asikudanganye mtu sokoni. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata ukaulize kiasi cha sasa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Sera ya serikali imewaweka wagonjwa wa akili wa muda mrefu katika makundi ya msamaha wa gharama, kama wale wa kifua kikuu na ukoma. Kwa hiyo hata asiye na kadi asikae nyumbani. Lakini msamaha hauleti dawa ambayo haipo rafuni, wala haulipi nauli ya kupanda milima ya Lyamba lya Mfipa mpaka Sumbawanga wakati wa masika. Wenye wagonjwa wanajua.

Njia ni hii. Anza zahanati. Usiseme tu kwamba kichwa chauma; mweleze mganga kwamba hulali, kwamba huna hamu ya kula, kwamba umewaza kufa. Neno hilo la mwisho ni gumu kutamka, lakini ukilificha utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Omba barua ya rufaa ikiwa hali yadai. Wengi wetu tukisikia ugonjwa wa akili twawaza Mirembe tu, ile hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, na hofu yatushika. Walio wengi hawahitaji kufika huko. Wanahitaji mtu wa kuzungumza nao wiki kwa wiki, na pengine dawa ya kumeza, na kurudi nyumbani jioni.

Kwa walimu na wauguzi tuna neno la pekee. Kadi mnayo, mshahara umekatwa tayari, na bado hamwendi. Tumeambiwa sababu: fomu ya bima huandikwa ugonjwa, na fomu hupita mikononi mwa watu mnaofahamiana nao. Hofu hiyo si ya kipumbavu. Sumbawanga si mji mkubwa, na habari hutembea. Lakini siri ya mgonjwa imefungwa kwa kiapo cha kazi, na anayeitoa ndiye mwenye aibu. Na kwa waumini tunasema wazi: mtu akionekana kwenye benchi la kliniki ya akili, yale aliyoyaona mpita njia yasifike kwenye kwaya.

Hatuwezi kuficha kwamba mara nyingine mtu hufika na kadi yake, akalipiwa kumwona daktari, na hakuna wa kumsikiliza zaidi ya dakika chache. Mkoa wa Rukwa katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu, na wataalamu wa akili katika nchi nzima ni wachache mno. Bima hulipia huduma iliyopo. Isiyopo haiwezi kuilipia.

Huko Zimbabwe, daktari mmoja wa akili aitwaye Dixon Chibanda aliona upungufu kama huu. Kuanzia mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, aliwafundisha akina bibi wa kawaida wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye ugonjwa ambao Washona huuita kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba walioketi na mabibi wale walipata nafuu kuliko walioachwa katika huduma ya kawaida. Kazi hiyo imefika hata Zanzibar. Mabibi wale hawachukui nafasi ya daktari. Anayesikia sauti au anayetaka kujiua humpeleka kwa tabibu. Na bibi wa kusikiliza, sisi Kaoze tunao wengi kuliko mabati.

Na kwa kuwa tumetaja mabati, tuseme lililo mbele yetu. Sadaka ya mavuno ya mwaka huu ilikusudiwa kwa paa la kanisa, ambalo kweli linavuja upande wa mimbari. Sisi tunapendekeza sehemu ya sadaka hiyo ikate kadi za kaya zile ambazo kila mtu anajua haziwezi, kwanza zile zenye mgonjwa wa akili ndani, na sehemu iwe nauli ya kupanda Sumbawanga. Tunajua wako watakaopinga, nao wana haki, maana mvua haisubiri. Tunawakumbusha tu kwamba huko Kapernaumu watu wanne walitoboa paa la nyumba ya mtu kwa ajili ya mgonjwa mmoja, na Bwana hakuuliza habari za matengenezo.

Jambo hili litajadiliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada ya pili. Umoja wa Akina Mama waje na majina ya wanawake watatu au wanne wanaojua kunyamaza na kusikiliza, ili tumwombe mganga wa zahanati awafundishe. Mwenye kadi iliyokwisha muda wake aje nayo.