Doa la Mafuta Lisipigwe Pasi

Wapendwa mume na mke, mwezi huu hatuzungumzi juu ya mahari wala urithi. Tunazungumza juu ya shati. Huenda mtacheka, lakini sisi tunaowapokea wanandoa wenye mashaka tumejifunza kwamba ugomvi hauanzi na mambo makubwa. Huanza na chumvi iliyozidi, ufunguo uliopotea, au shati lenye doa.

Mume mmoja alialikwa arusini. Akila nyama ya mbuzi, mafuta yalidondoka kifuani mwa shati lake jeupe la Misa. Aliona haya, akalisugua kwa maji ya mfereji, nalo doa likazidi kutanda. Usiku alilificha chini ya kapu la nguo chafu bila kumwambia mkewe. Jumamosi mke alilifua pamoja na nguo nyingine. Likiwa majimaji, hakuona kitu. Lilipokauka akalipiga pasi haraka haraka. Jumapili asubuhi doa hilo hapo, rangi ya chai!

"Mama watoto, hata kufua kumekushinda?"

"Na wewe Baba watoto, hata kula kumekushinda?"

Siku hiyo kila mmoja alikwenda kanisani kwa njia yake, na hawakusemezana mpaka Alhamisi. Je, mkosaji ni nani? Mume alificha. Mke hakutazama. Na wote wawili walitafuta neno la kuumiza. Basi tujifunze kutoa doa, na tujifunze na lingine.

Kwanza, usisugue. Ukisugua unayasukuma mafuta ndani ya nyuzi. Bonyeza polepole kwa kitambaa kikavu, nyunyiza unga wa mahindi au poda ya mtoto, uache dakika 15 unywe mafuta, kisha upanguse. Vivyo hivyo mwenzako akikosa, usimsugue mbele ya wageni au watoto. Ngojeni mwe wawili tu.

Pili, maji peke yake hayatoshi, kwa maana maji na mafuta hayapatani. Sabuni hufaulu kwa sababu kila chembe yake ina ncha mbili: moja hushika mafuta, nyingine hushika maji, na hivyo mafuta hutoka pamoja na maji. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa lenyewe, paka taratibu kwa vidole, ngojea dakika 10, kisha fua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Hariri na sufu zisitiwe maji ya moto. Usikimbilie petroli, maana inashika moto upesi na wengine wameungua hivyo. Dawa ya klorini nayo haitoi mafuta, ila itaharibu rangi ya kitenge chako. Hata katika ndoa, mkishindwa kupatana peke yenu, tafuteni mtu anayewashika nyote wawili. Wasimamizi wenu wa arusi waliwekwa kwa kazi hiyo. Anayevuta upande mmoja, hata akiwa mama mzazi, atazidisha doa.

Tatu, usipige pasi kabla ya kutazama. Anika nguo kivulini, na ikikauka ichunguze mwangani. Nguo ikiwa majimaji doa hujificha, kama vile machozi yakikoma hudhani mmepatana. Doa likibaki, rudia sabuni. Ukiweka pasi, joto litalikaza. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasiliache jua lichwe wakiwa bado na hasira (Efe. 4:26). Hasira iliyolala nasi kitandani huamka imekauka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Siku ya Alhamisi mume yule alilitoa shati, akasema, "Mama watoto, nililificha. Nisamehe." Mke akajibu, "Nami sikutazama." Walilipaka mafuta mapya kidogo ili yale ya zamani yalainike, wakatia sabuni, wakafua pamoja. Ilibidi warudie mara tatu. Kivuli kidogo kimebaki, na mume bado anakwenda nalo Misani.

Ndiyo maana Mama Kanisa ametupa Sakramenti ya Kitubio. Hakuna doa linalotoka kwa kufichwa kapuni; lazima lifunuliwe, tena mapema. Anayeungama kwa Padre, kisha akashindwa kumwambia mkewe "nisamehe", bado ana kazi nyumbani.

Basi leo jioni, kabla ya sala ya familia, kila mmoja amwulize mwenzake: "Kuna doa gani kati yetu ambalo nimelipiga pasi?" Kisha anyamaze, asikilize mpaka mwisho, asijitetee.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.