Fedha ya Likizo ni ya Nani?

Tumepokea barua ya bwana mmoja na mkewe, wote wawili wafanyakazi, ambao kwa miaka minne wameweka akiba ili waende Italia kwa likizo ya siku kumi. Watautazama mji wa Roma, kisha watapumzika kidogo kando ya bahari. Wanauliza jambo moja tu: je, yafaa wachukue fedha taslimu, au wategemee kadi ya benki? Waongeza kwa adabu kwamba huenda swali hili si la gazeti kama letu, bali ni la karani wa benki.

Sisi hatudhani hivyo. Karani wa benki ataijibu nusu ya swali, na nusu hiyo nasi tutaigusa. Lakini namna mtu aichaguayo ya kuchukua na kutumia fedha safarini yaonyesha anadhani fedha hizo ni za nani.

Yafaa tuseme mapema kwamba likizo si kosa. Najua wapo wasomaji watakaonung'unika kuwa nauli ile ingeezeka nyumba ya mtu. Nasi twawajibu kuwa mtu aliyefanya kazi kwa uaminifu, aliyelipa karo za watoto wake na asiyemnyima mzazi wake dawa, ana haki ya kupumzika, hata ng'ambo ya bahari. Wasiwasi wetu ni kwa yule aendaye kwa mkopo ili majirani wazione picha zake kabla hajarudi. Huyo hata tukimfundisha kuficha noti ndani ya soksi hatutakuwa tumemsaidia.

Babu zetu waliosafiri na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji hawakuwa na swali hili la kadi. Fedha yao ilikuwa mizigo: majora ya merikani na kaniki, mafurushi ya shanga, nyaya za shaba, vyote vikichukuliwa vichwani na mabegani mwa mapagazi. Kiongozi wa msafara aliyetapanya mali njiani aliumbuka upesi, kwa maana mzigo ulipungua mbele ya macho ya watu wote, na hongo ya mtemi wa mbele ilikuwa bado inangoja. Kadi ya benki haina uzito. Ni ile ile siku ya kushuka uwanjani na ile ile siku ya kuondoka, ingawa akiba ya miaka minne imekwisha pita ndani yake.

Kwa hiyo twawashauri wachukue vyote viwili. Fedha taslimu kiasi, na iwe ni yuro waliyoinunua hapa hapa katika benki au duka lenye leseni. Maana anayebadili shilingi kuwa dola, kisha dola kuwa yuro, hukatwa mara mbili. Maduka ya kubadilishia fedha katika viwanja vya ndege huandika kwa herufi kubwa kuwa hayatozi ada, nayo husema kweli, ila ada imo ndani ya kiwango chenyewe. Kadi nayo hutozwa kila inapotoa fedha katika mashine ya ugenini, basi ni afadhali kutoa za siku kadhaa kwa mara moja kuliko kutoa kidogo kidogo kila jioni. Nyingine zibaki penye malazi, pamefungwa. Basi namba 64, litokalo stesheni ya Termini kuelekea Vatikano, lina sifa ya muda mrefu kwa wachomozi wake, na hao hawachagui kati ya mtalii na hujaji.

Sasa liko jambo dogo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Unapolipa kwa kadi dukani au hotelini, mashine yaweza kukuuliza kwa upole: je, ungependa kulipa kwa fedha ya kwenu au kwa yuro? Moyo wa mgeni hufurahi kuiona shilingi, nao hubonyeza shilingi. Amekwisha nyang'anywa. Kiwango kile hupangwa na wenye mashine, na mara nyingi humwongezea mteja yuro tatu, tano au hata zaidi katika kila mia. Ulaya siku hizi sheria yawalazimisha kumwonyesha mteja nyongeza hiyo, lakini ni nani asomaye maandishi yale na foleni iko nyuma yake? Chagueni yuro daima.

Na hapa ndipo dhamiri inapoingia. Mtu yule yule aliyeziacha yuro kumi katika mashine bila neno, hutoka nje na kukutana na kijana wa Senegali au wa Bangladeshi auzaye miamvuli siku ya mvua na miwani siku ya jua. Bei ni yuro tano. Bwana wetu hushindana naye robo saa mpaka apewe kwa mbili, na jioni huwasimulia wenzake ushindi huo. Hatukatazi kupatana bei. Sisi tuliokulia Kariakoo twajua kuwa kupatana bei ni mazungumzo. Twauliza tu kwa nini ukali wetu wote humwangukia yule mwenye uso, aliyesimama mbele yetu na baridi, na wala si ile mashine. Na tusijidanganye kwa upande wa pili, kwa kununua mkoba wa bandia wenye jina la kampuni maarufu na kuita jambo hilo huruma kwa maskini. Italia sheria humtoza faini mnunuzi pia, na faini yenyewe yaweza kuzidi bei ya mkoba mara nyingi.

Siku zote tumekuwa upande wa pili wa jambo hili. Tumewatazama wageni Zanzibar na Arusha, tukajua upesi nani amuheshimuye muuza kanga na nani amchezeaye. Nani amelipia kila kitu kwao kabla ya kufika, asiache hata shilingi kijijini apigapo picha. Twasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa sisi ndio wageni, na mwenyeji atutazama.

Desturi hazifanani, na kutozijua si kosa. Kosa ni kukataa kuzijua. Italia mhudumu wa mezani ana mshahara wake, na bakshishi ni hiari ya mlaji. Lakini msomaji atakayekwenda Marekani ajue kuwa tangu mwaka 1991 sheria ya shirikisho humruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa namna hiyo dola 2.13 tu kwa saa, bakshishi ikitarajiwa kujaza iliyobaki, ijapokuwa majimbo kadhaa yadai zaidi. Anayeinuka mezani huko akisema kwetu hatuna desturi hiyo, amekula ujira wa mtu.

Turudi kwa wenye barua. Bwana aeleza kuwa fedha zote atazichukua yeye, katika mfuko wa kitambaa chini ya shati, kwa usalama. Hapa hatukubaliani naye. Kwanza, si usalama: mwizi akimpata mmoja, amewapata wote wawili. Pili, akiba hii, kwa maneno yake mwenyewe, imetoka katika mishahara miwili. Je, mama huyu aliyeweka akiba miaka minne atasimama katika kila duka akiomba fedha kama mtoto, akieleza sababu ya kutaka chupa ya maji? (Maji kwa bahati ni bure, Roma ina mabomba ya maji ya kunywa kila mahali barabarani.) Wagawane nusu kwa nusu kabla ya kupanda ndege, na kila mmoja asiulizwe.

Barua yamalizika kwa jambo lililoandikwa kama la kupita tu: jirani amewapa dola mia tatu wamnunulie simu, nazo wamezichanganya na zao, kwa kuwa fedha ni fedha. Sisi twadhani hili ndilo zito kuliko yote. Hiyo ni amana. Ikichanganywa, siku ya tisa, chakula kikiwa ghali na miguu imechoka, itatumika kwa nia njema ya kuirudisha, nasi tumeona undugu ukivunjika kwa nia njema za namna hiyo. Iwekwe peke yake katika bahasha, jina la jirani likiandikwa juu. Simu isipopatikana, arudishiwe dola zile zile, si shilingi kwa kiwango kiwafaacho wao. Ikipatikana, risiti iwekwe ndani ya bahasha hiyo pamoja na chenji yote, hata ikiwa ni sarafu za yuro ambazo hapa kwetu ni shida kumpata wa kuzibadili.