Uongo wa Baba

Je, yajuzu mzazi kumdanganya mwanawe kwa kumtakia kheri? Wengi wetu tutajibu kabla swali halijesha: uongo ni uongo. Yasujiro Ozu, mwongozaji filamu wa Kijapani, hakuwa na haraka hiyo. Tangu 1949 hadi 1962, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alitengeneza filamu 13, na swali hilo alilirudia kama mtunzi anavyorudia bahari moja ya ushairi, akibadili maneno na kuacha mizani.

Katika *Banshun* (1949), profesa mgane anaishi na bintiye, Noriko, huko Kamakura. Binti ana miaka 27 na hataki kuolewa. Atamwachia nani babake? Baba anaona kuwa wema huo utamlia mwanawe ujana. Basi Noriko anapomuuliza kama ni kweli ataoa mke mwingine, anaitikia. Si kweli. Binti anaumia, kisha anakubali posa.

Kamera ya Ozu huwekwa chini, takriban kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na aghalabu haisogei. Haimkimbilii binti kutafuta machozi, wala haimwendei baba kumshitaki. Sisi tuliolelewa mkekani twakijua kimo hicho: aliyeketi nawe hakusimamii kichwani.

Usiku wa harusi, baba anamkiria rafiki wa bintiye kuwa hajapata kusema uongo mkubwa kama ule. Anarudi nyumbani, anaketi peke yake, anamenya tufaha. Ganda linaanguka, kichwa kinainama. Kisha twaonyeshwa mawimbi ya bahari, na filamu imekwisha.

Hapo zamani nilidhani nimepata jibu: uongo unaomgharimu msemaji mwenyewe wasameheka. Lakini hakulipa peke yake. Noriko naye alichagua bila ya kujua, na achaguaye bila ya kujua amechaguliwa.

Mwaka 1960, Ozu na mwandishi mwenziwe, Kogo Noda, walikirudia kisa hicho katika *Akibiyori*. Setsuko Hara, aliyekuwa binti katika ile ya kwanza, sasa ni mama mjane. Safari hii habari ya ndoa ya mzazi inazushwa na marafiki wa marehemu mumewe. Mama, katika matembezi yao ya mwisho pamoja, anamwambia bintiye Ayako kweli: yeye hataolewa tena. Harusi haikuvunjika. Mama naye akabaki peke yake.

Upweke, basi, ni uleule kwa baba aliyedanganya na kwa mama aliyesema kweli. Kilichotofautiana ni kile alichoondoka nacho mtoto. Noriko aliondoka akidhani nafasi yake nyumbani imeshachukuliwa; Ayako aliondoka akijua kuwa i wazi, na kwamba ameruhusiwa. Baba yule simwiti mwovu, na kila nikimwona na tufaha lake namlilia. Lakini lau ningekuwa mtoto wao, ningeiomba kwaheri ya mama.