Deni la Dola, Zawadi ya Akina Mama

Mtu akienda vitani kwa amri ya serikali na akarudi bila mguu, nani anadaiwa? Jibu la haraka ni kwamba serikali inadaiwa, na jibu hilo ni sahihi. Serikali ndiyo iliyomwita, ikampa bunduki, ikampeleka mstari wa mbele. Lakini hata pensheni ikilipwa kwa wakati na mguu wa bandia ukipatikana, kuna kitu ambacho yule askari hajalipwa, na anakijua. Alikwenda kwa niaba ya watu ambao hawakumfahamu. Watu hao walilala usingizi wao, wakalima, wakaoa, wakazaa. Je, deni hilo la pili lina mlipaji? Na likilipwa na mtu asiyedaiwa, linakuwa limelipwa kweli, au limefunikwa tu ili mdaiwa halisi apumue?

Maswali haya hayakwepeki kwa yeyote anayesoma historia ya vikundi vya akina mama wa Marekani waliojitwika kazi ya kuwatunza askari wa zamani na, wakati huohuo, kuwafundisha watoto uzalendo. Kinachojulikana zaidi ni American Legion Auxiliary. Chama cha askari wenyewe, American Legion, kilizaliwa Paris mwaka 1919, kwenye mkutano wa wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakisubiri kurudishwa makwao baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka huohuo mama zao, wake zao, dada zao na binti zao walianza kuunda jumuiya yao, na mwaka 1921 wakafanya mkutano wao mkuu wa kwanza Kansas City.

Uanachama ulipita kwenye udugu. Kwa miaka mingi mwanamke aliingia kwa sababu ni mama wa fulani, mke wa fulani, binti wa fulani. Ni mwaka 2019 tu ambapo neno "mke" liliondolewa kwenye masharti na nafasi yake ikachukuliwa na "mwenzi", hata waume wa wanajeshi wanawake wakapata mlango. Wapo wanaouona utaratibu huu wa udugu kuwa ni kumdogosha mwanamke, kumhesabu kwa jina la mwanamume. Sikubaliani nao kabisa, ingawa lawama yao ina msingi. Naona kwamba udugu umegusa jambo ambalo wanafalsafa wengi wa siasa hulipita mbio: taifa ni kubwa mno kupendwa moja kwa moja. Hakuna anayeweza kupenda watu milioni mia. Mtu humpenda kaka yake aliyerudi vitani akiwa hasemi, anayekaa ukumbini usiku kucha taa ikiwaka, anayeshtuka mlango ukibamizwa. Dada wa huyo anaijua vita kuliko waziri. Siku atakapokwenda hospitali kumwangalia kaka wa mwanamke mwingine, asiyemjua na bila kutarajia chochote kutoka kwake, hapo udugu unavuka mpaka wa damu na kuwa uraia.

Tazama kazi yao maarufu kuliko zote, ua la popi. Mwalimu mmoja wa Georgia, Moina Michael, aliamua mwezi Novemba 1918, siku mbili kabla ya vita kusimama, kwamba atavaa ua jekundu la popi daima kwa ajili ya waliokufa. Mfaransa Anna Guérin akalifanya wazo hilo kuwa kazi ya mikono, maua ya nguo na karatasi yanayouzwa ili kuwasaidia wajane na yatima wa Ufaransa, kisha akalipeleka kwa vyama vya askari wa nchi nyingi. American Legion ililichukua mwaka 1920, na jumuiya ya akina mama ikafuata. Ua lenyewe ni kitu kidogo sana: kipande cha karatasi laini nyekundu kilichokunjwa, waya mwembamba uliofunikwa kwa kijani, na kikaratasi kilichoning'inizwa. Kwa miaka mingi waliolitengeneza walikuwa askari wagonjwa na walemavu, wengi wao wakiwa wodini, nao walilipwa kidogo kwa kazi yao. Mikono iliyotetemeka ilipata jambo la kufanya. Ijumaa kabla ya siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, akina mama husimama milangoni mwa maduka na kuyagawa. Halina bei. Anayepokea hutoa anachotaka.

Hilo la kutokuwa na bei nalipenda sana, kwa sababu limetenganisha mambo ambayo kwa kawaida tunayachanganya. Pensheni ina kiasi. Inaandikwa kwenye sheria, ikipunjwa unakwenda mahakamani. Shukrani haina kiasi, na ikidaiwa mahakamani inaharibika. Serikali haiwezi kushukuru, inaweza kulipa tu. Anayeweza kushukuru ni mtu mwenye uso, aliyesimama mlangoni mwa duka. Kwa hiyo akina mama hawa hawakuwa wakifanya kazi ya serikali kwa bei nafuu. Walikuwa wakifanya kazi ambayo serikali, hata ikiwa tajiri na yenye nia njema, haiwezi kuifanya.

Hatari inaanza pale serikali inapogundua kwamba zawadi inaweza kukaa mahali pa deni. Hapo lazima niseme habari ya mwaka 1932. Mwaka 1929 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuwalipia safari mama na wajane wa wanajeshi waliozikwa Ulaya ili wakayaone makaburi. Kati ya 1930 na 1933 zaidi ya wanawake 6,000 walivuka bahari kwa gharama ya serikali, wakalala hotelini, wakapelekwa kwa heshima hadi kwenye msalaba wenye jina la mtoto wao. Lilikuwa jambo jema. Lakini katika miaka hiyohiyo ya njaa, maelfu ya askari waliokuwa hai walikwenda Washington kudai bonasi ambayo sheria ya 1924 iliwaahidi na kuiahirisha hadi 1945. Walipiga kambi katika eneo la Anacostia, wengine na wake na watoto. Tarehe 28 Julai 1932 jeshi lilitumwa kuwaondoa, Jenerali Douglas MacArthur akiwa mbele, kwa farasi, vifaru na mabomu ya machozi, na vibanda vyao vikateketea kwa moto. Serikali moja, vita vilevile: mama wa aliyekufa amekatiwa tiketi ya meli, na aliyepona anafukuzwa kwa farasi. Aliyekufa hadai. Hapo ndipo ninapoona uzalendo wa sherehe unavyoweza kutumika dhidi ya wale unaodai kuwaheshimu.

Na hata kwenye zile meli heshima haikugawanywa sawa. Mama weusi waliwekwa katika makundi yao peke yao na kusafirishwa kwa vyombo vya hadhi ya chini kuliko vile vya mama weupe. Wapo waliokataa kwenda, wakachagua kutoliona kaburi la mwana wao kuliko kulifikia kwa njia ya kudharauliwa. Kwangu mimi hao waliokataa ni wazalendo wakubwa kuliko wengi waliobeba bendera, kwa kuwa waliitaka nchi yao iwe kweli kile ilichosema wana wao walikifia.

Mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil, aliyeandika akiwa uhamishoni London mwaka 1943, alitofautisha mapenzi ya nchi yanayotokana na fahari ya ukuu wake na yale yanayotokana na huruma, pale unapoiona nchi kama kitu cha thamani kinachoweza kuvunjika. Mapenzi ya fahari hayavumilii kuambiwa kosa. Mapenzi ya huruma yanaweza kuitazama aibu ya nchi na bado yakabaki mapenzi. Weil mwenyewe alikuwa amependekeza kikosi cha wauguzi wanawake wa kujitolea wapelekwe mstari wa mbele kabisa, wawe karibu na askari anapoanguka. Wakubwa walimpuuza. Lakini ukiyaweka pamoja mawazo yake hayo mawili, unaona alichokiona: anayemfunga majeruhi bandeji hawezi kudanganywa kirahisi kuhusu utukufu wa vita.

Ndiyo maana, kwa upande wa kuwafundisha watoto uzalendo, nauliza kwanza mtoto anaanzia wapi. Woman's Relief Corps, jumuiya ya akina mama iliyoundwa mwaka 1883 kuwasaidia askari wa Kaskazini wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilipigania bendera iwekwe shuleni. Bendera si mbaya. Ila mtoto aliyeipigia saluti bila kuingia wodini amefundishwa nusu ya somo, tena nusu inayoua. Afadhali programu ya Girls State ambayo Auxiliary iliianzisha mwaka 1937: wasichana wa sekondari wanakusanyika, wanagombea nafasi, wanapigiana kura, wanatunga sheria za majaribio. Hapo uzalendo ni kujua nchi inavyoendeshwa na wapi pa kuishika inapokosea. Zawadi nayo huwa salama zaidi inapogeuka kuwa dai. Sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia askari masomo na kuwadhamini mikopo ya nyumba ilitokana na rasimu ya American Legion, na akina mama waliipigania. Mtu aliyekwishakaa kando ya kitanda cha mgonjwa ana hoja bungeni ambayo mwingine hana.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya habari hii. Vita vilevile vilivyozaa ua la popi vilipiganwa kwetu, na wapagazi waliobeba risasi na chakula cha majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwao. Sanamu ya Askari pale katikati ya jiji iliwekwa mwaka 1927, lakini haimtaji hata mmoja wao kwa jina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mama zao hawakukatiwa tiketi ya meli yoyote. Wengi hawakupewa hata habari ya kifo.

Kwa wapagazi wale tumechelewa. Lakini kijana wa miaka 18 aliyevuka Mto Kagera kwenda vitani mwaka 1979 sasa ana miaka zaidi ya sitini, na wengine wamefika themanini. Wapo mitaani na vijijini, wengine wakiwa na vyuma mwilini. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, tunaweka mkuki, ngao na shada la maua kwenye mnara, kisha tunatawanyika. Vikundi vya akina mama tunavyo kila mtaa. Vinazika, vinauguza, vinachangishana. Nawaomba waliomo wamtafute mzee mmoja wa vita katika kata yao, wamtembelee, waandike jina lake, kikosi chake na anayoyakumbuka. Wamuulize pia kama mafao yake yamelipwa. Kama hayajalipwa, waongozane naye hadi ofisi inayohusika, na wasiondoke hapo mpaka wapewe jibu la maandishi.