Je, Kumwamini Mtu ni Ujinga?

Wazee wetu walituachia methali nyingi za kutuonya juu ya binadamu wenzetu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Aghalabu mtu aliyesalitiwa huikumbuka methali hiyo siku ile ile, akaapa kwamba hatamwamini mtu tena. Je, kiapo hicho ni hekima, au ni maumivu tu yanayosema? Nimelifikiria swali hili kwa miaka mingi, na kilichonisaidia zaidi si kitabu wala mahubiri. Ni filamu moja ya zamani ambayo kwetu wameiona wachache, na baadhi ya walioianza hawakuimaliza.

Filamu hiyo ni ya Kifaransa, inaitwa Le Trou, maana yake Shimo. Iliongozwa na Jacques Becker, aliyefariki Februari 1960, majuma machache kabla haijaanza kuonyeshwa. Imetokana na riwaya ya José Giovanni, mtu aliyehukumiwa kifo mwaka 1948, adhabu ikapunguzwa, akatoka kifungoni 1956. Kiini chake ni tukio la kweli la mwaka 1947, wafungwa walipojaribu kutoroka katika gereza la La Santé, mjini Paris. Mmoja wa waliojaribu, Jean Keraudy, yumo ndani ya filamu yenyewe. Ndiye anayeigiza nafasi ya Roland, fundi wa kuchimba.

Mwanzo wake ni wa polepole mno. Kijana mmoja, Gaspard, anayeshtakiwa kwa kutaka kumuua mkewe, anahamishiwa katika chumba chenye mahabusu wanne: Roland, Manu, Geo na mmoja wanayemwita Monseigneur. Tunaonyeshwa wakikunja maboksi, wakila, wakilala. Askari anakagua vyakula walivyoletewa kutoka nyumbani, anakata kila kitu kwa kisu kimoja. Hakuna muziki wa kututia hofu. Nilipoitazama na mpwa wangu, baada ya nusu saa aliniuliza, "Mjomba, hii picha itaanza lini?" Nikamwambia avumilie.

Kisha wanaanza kuvunja sakafu. Kwa karibu dakika nne kamera haiondoki hapo: chuma kilichong'olewa kitandani kinapiga zege, mkono huu ukichoka unapokea mkono mwingine, na zege linakatika vipande vidogo vidogo. Mpwa wangu hakuuliza tena. Kipande cha kioo kinafungwa kwenye mswaki, kinapitishwa katika tundu la mlango ili kuchungulia ukumbini. Vichupa viwili na mchanga vinakuwa saa ya kuhesabia zamu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwanzo ulikwenda polepole. Mtazamaji alikuwa anafanywa mtu wa sita wa chumba kile. Mtu hawezi kuumia kwa kusalitiwa watu asioishi nao.

Naomba radhi kwa msomaji ambaye hajaiona, maana sina budi kueleza yaliyofuata.

Mambo mawili katika filamu hii sijaacha kuyafikiria. La kwanza ni la Geo. Anawaambia wenzake kwamba yeye hatatoroka, kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Hata hivyo anachimba kama wao, akijua kwamba wakiisha kutoka, atakayebaki kuulizwa ni yeye. La pili ni la usiku ambao Manu na Gaspard wanafika mwisho wa mfereji wa maji machafu, wanainua kifuniko, na kuiona barabara. Mji umelala; teksi inapita. Kilichobaki ni kupanda tu. Wanatazama, kisha wanarudisha kifuniko na kurudi gerezani kuwaita wenzao.

Siku ya kuondoka Gaspard anaitwa na mkuu wa gereza, anaambiwa kwamba mkewe ameondoa mashtaka. Anakaa huko muda mrefu. Anaporudi, Manu anamkaba kwa shaka. Gaspard anajitetea mpaka wanamwamini. Usiku, wakiwa tayari kushuka, kile kioo cha mswaki kinapitishwa tena mlangoni. Ukumbi umejaa askari.

Hapo mtu wa methali atasema: si nilikwambieni? Lakini tulitazame jambo vizuri. Methali inamchukulia msaliti kama mdudu aliyekuwamo nguoni tangu mwanzo, akingoja kuuma. Gaspard hakuwa hivyo. Alikuwa amesimama chini ya kifuniko kilicho wazi, barabara mbele yake, akarudi pamoja na mwenzake. Usiku ule alikuwa mwaminifu kweli. Aliposaliti ni pale alipoonyeshwa mlango wake peke yake, mlango wa halali, ambao kutoroka kungeufunga. Wale wanne hawakudanganyika juu ya mtu waliyemwona. Mtu yule alikuwapo, kisha akashindwa.

Zaidi ya hayo, wangefanyaje? Kijana alilala nao chumba kimoja. Bila kumwamini, nyundo ya kwanza isingepigwa. Tunazungumza juu ya uaminifu kana kwamba ni zawadi anayopewa mtu baada ya kuthibitishwa, kumbe mara nyingi ni chombo cha kazi, kama kile chuma cha kitanda, na kazi haianzi bila chombo. Katika upatu niliocheza kwa miaka mingi, aliyepokea wa kwanza angeweza kutoweka siku ya pili yake. Tulilijua hilo sote, na tulicheza, kwa kuwa wasioaminiana hawachezi upatu kabisa.

Sisifu uvunjaji wa sheria. Wale walikuwa watuhumiwa wa makosa mazito, na dola ina haki ya kujenga kuta. Ila swali la kuaminiana halikai kwa watu wema peke yao. Hukaa popote mtu anapomhitaji mwenzake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kumwamini mtu si ujinga, maadam umehesabu gharama na uko tayari kuilipa. Ujinga ni kudhani kwamba haina gharama. Na aliyeapa kutomwamini mtu tena hajajiokoa. Amebaki chumbani na sakafu yake nzima. Mwishoni Roland, akiwa amevuliwa nguo na amepoteza kila alichokifanyia kazi, anamtazama Gaspard anayepelekwa kufungiwa peke yake, na anachosema kina huruma badala ya laana. Huenda alikwisha kuona ni nani kati yao aliyepoteza zaidi.