Mkuu Naye Asikie

Likizo ya Juni ilipoanza, kijana mmoja wa Maisaka, mwanafunzi wa kidato cha pili, alitaka kujipatia fedha za viatu na madaftari. Nia yake ilikuwa njema. Akashuka Ziwa Babati, ambako wageni hupanda mitumbwi kwenda kutazama viboko. Mwenye mtumbwi mmoja akamwambia, “Karibu mwanangu, anza kazi, ya hela tutaongea baadaye.”

Mwanzoni alibeba mizigo na kukumba maji mtumbwini. Baadaye akaanza kupelekwa kutega nyavu jioni. Mama yake alipopata habari alimwonya: “Jua likizama, kiboko hutoka majini kwenda malishoni. Usikae njiani kwake.” Kijana akajibu, “Usijali mama, nimeshazoea.”

Siku moja giza likiingia, kiboko aliibukia chini ya mtumbwi, ukapinduka. Kijana hakuwa amevaa jaketi okozi. Wavuvi walimkuta ameng’ang’ania ubavu wa mtumbwi, mguu umevunjika. Shule zilipofunguliwa Julai, yeye alikuwa kitandani. Mama alipokwenda kudai ujira wa mwanawe, alijibiwa kwamba hapakuwa na makubaliano.

Majirani walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini aliyempeleka ziwani gizani naye alikuwa mkuu, tena mwenye wajibu mkubwa kuliko mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala masomo yake. Kazi za hatari ni mwiko hadi atimize miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inampa haki ya kulipwa kulingana na kazi aliyoifanya. Kutoandikiana hakukumfutia kijana yule haki yake.

Mzazi, mwanao akipata kazi ya likizo, nenda ukamwone mwajiri. Uliza kazi yenyewe, saa za kutoka, malipo na vifaa vya usalama. Kijana, kazi unayoogopa kuitaja nyumbani usiifanye. Nawe mwajiri, usimtume mtoto wa mwenzio mahali ambapo usingemtuma wako.